Panya Wasiobalehe

Mtaani walimwita Mzee wa Panya, ingawa uzee wenyewe ulikuwa bado njiani. Jina lilitokana na kazi. Mwanzoni lilimuudhi, baadaye akalizoea, na mwishowe akaanza kulionea fahari. Jirani akiumwa jino, akivimba mguu, au mtoto wake akikataa kula, alimwendea yeye kwanza, kwa sababu alifanya kazi kwenye jengo ambalo watu wake walivaa makoti meupe. Na yeye, Mungu amsamehe, alijibu. Kwa midomo yake hakuwahi kusema "sijui." Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake, na kwa kuwa haukuwa na homa wala uvimbe, hakuna aliyemwambia ajitibu.

Jengo lenyewe lilikuwa maabara ya chuo, nyuma ya karakana ya magari ya chuo hichohicho. Panya walikuwa ghorofa ya chini, kwenye ukumbi mwembamba usio na dirisha. Chumba cha kwanza kilikuwa chake. Asubuhi aliingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akavua viatu na kufungia simu kabatini, akavaa koti, kofia, barakoa na glovu, ndipo akafungua mlango. Ndani ilimpokea ile harufu ya mkojo na mbao, ambayo mkewe, enzi za uhai wake, alidai inamfuata hadi mezani.

Vizimba vilikuwa vya plastiki angavu, vimepangwa kwenye mashubaka toka sakafuni mpaka usawa wa kichwa. Kila kimoja kilikuwa na maranda ya mbao chini, chupa ya maji juu, na panya weusi wadogo ndani. Kazi yake ilikuwa kubadilisha maranda, kujaza chupa, kutenganisha madume na majike, kutazama nani amezaa. Kuna jambo alilifanya kwa uangalifu kuliko yote. Alipomhamisha jike mwenye vitoto kwenye kizimba kisafi, alichota kwanza konzi ya maranda machafu ya kiota cha zamani, akayaweka katika kizimba kipya. Panya humjua mwanawe kwa harufu. Usipoiacha harufu ile, mama anaweza kuwaona watoto wake kuwa wageni, na panya hana adabu kwa wageni, anawala. Wafanyakazi wapya waliharakisha wakaisahau ile konzi, na kesho yake walikuta kizimba kina mama peke yake, amenenepa.

Panya wa chumba hicho hawakuwa wa kawaida. Siku ya kwanza kazini, Daktari mwenye utafiti, mama mmoja mwepesi wa maneno na wa hatua, alimweleza akiwa amesimama mlangoni.

"Kichwani mwa kila mnyama kuna kitu kidogo kinachopiga hodi," alisema. "Wakati ukifika kinauambia mwili: haya, utoto umekwisha, toa homoni. Sasa hawa tumewaondolea jeni ya huyo mpiga hodi kabla hawajazaliwa. Tunataka kuona mwili utafanya nini."

Mwili haukufanya kitu. Hilo alijionea mwenyewe mwaka baada ya mwaka. Ndugu zao wazima walibalehe, wakapandana, wakazaa, wakagombana. Wale waliotolewa jeni walikua kwa urefu tu. Ukimgeuza dume chali hukuona cha kuona, ila uwazi laini kama wa kitoto cha juzi. Ukimweka na jike, walilala mgongo kwa mgongo mpaka asubuhi. Alijifunza pia kwamba hao hawazaliwi na wenzao, maana hawazai. Wanazaliwa na baba na mama ambao kwa macho ni wazima kabisa, lakini kila mmoja amebeba nusu ya kasoro bila kuonyesha. Wapungufu walitobolewa sikio la kushoto. Walipokomaa kwa umri, wenye makoti walikuja na toroli wakawachukua, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Alijua kwamba ghorofa ya juu panya huulizwa maswali kwa kisu, akahesabu kwamba wote huishia huko. Kwa upole aliokuwa nao aliwapa jina la watoto wa kudumu, na siku za toroli aliwaongezea chakula.

Ng'ambo ya ukumbi kulikuwa na chumba cha pili, na mtunzaji wake alikuwa mama mkimya ambaye walisalimiana wakati wa kubadilisha viatu. Mtunzaji wa chumba kimoja hakuruhusiwa kuingia cha mwenzake. Magonjwa huhama na nguo, na harufu ya dume mgeni ikimfikia jike mwenye mimba changa, mimba inaweza kutoka. Sheria nzuri, ina maana yake. Basi Mzee wa Panya akakaa miaka yote hiyo akijua chumba kimoja, na akaamini anajua nyumba nzima.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado anang'oka meno ya utotoni, na tangu hapo waliishi wawili kwenye vyumba viwili vya kupanga, wakipika kwa zamu na kucheka kwa zamu. Baba alimwita mwanawe "baba," kama wazazi wengi wafanyavyo, na mtaa ulimwita Mlingoti. Alikuwa mrefu ajabu, miguu mirefu, mikono mirefu, suruali zote zikimwishia juu ya kifundo. Shangazi yake, dada mdogo wa Mzee wa Panya, alikuwa fundi cherehani. Kila alipokuja alifumua pindo za suruali za kijana na kuziongezea kitambaa, huku akilalamika kwamba mtoto huyu atamfilisi kwa uzi.

Urefu haukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba wenzake wa darasani sauti zilianza kukwaruza, zikawa nzito, videvu vikachafuka kwa vinyweleo, na yeye akabaki na sauti ileile ya kuombea maandazi. Alipokuwa na miaka kumi na mitano hivi, alitoka bafuni taulo ikamponyoka mlangoni. Akaiokota haraka, akacheka kwa aibu, akaingia chumbani. Baba yake alikuwa ameketi sebuleni anamenya viazi. Alikuwa ameona. Kazi yake ilikuwa kuwageuza chali na kuwatazama, na jicho lililozoea halihitaji muda. Kisu kilibaki hewani, na viazi havikumenywa tena siku hiyo. Walikula mkate.

Akilini mwake hapakuwa na shaka hata chembe. Mwanangu ni wa chumba cha kwanza. Wazo la pili lilimuumiza zaidi: ikiwa ni hivyo, basi mimi na marehemu mama yake kila mmoja alibeba nusu, na mimi ndimi niliyemzaa hivi. Na la tatu likafunga mlango kabisa: kilichoondolewa hakirudi. Hayo matatu aliyapanga kichwani siku moja, akayaamini miaka mitano.

Hakumwambia mtu. Ila mtoto hakuwa kipofu wa mwili wake.

"Baba," alimuuliza jioni moja wanaosha vyombo, "wewe ulichelewa kukua?"

"Mimi? Nilichelewa sana," alisema baba yake, ambaye sharubu zilimwota mapema kiasi kwamba mwalimu mmoja alimtania ataanza kumwamkia. "Niliwaudhi hata wazee wangu. Kisha siku moja, pu! Kawia ufike, baba."

Kijana alifurahi, na furaha ile ilimchoma baba yake kuliko swali. Tangu siku hiyo alisubiri. Alisubiri kwa bidii, kama mtu aliyeambiwa gari linakuja. Akamaliza shule, akapata kazi kwenye duka la rangi za nyumba, akasifika kwa kuchanganya rangi. Ukimletea kipande cha plasta, anakutolea rangi yake ileile. Lakini simu ya duka ikilia akaipokea yeye, mteja alisema, "Dada, hebu nipe mwenye duka." Mwanzoni alijieleza. Baadaye akawa anasema "subiri kidogo," anampa tajiri simu. Msichana wa duka la misumari, jirani yao, alimpenda sana, akimsimulia habari za wanaume waliomsumbua, akimshika mkono, akimuegemea begani. Alimpenda kama shoga yake. Kijana alirudi nyumbani siku hizo akala bila kuinua macho.

Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua wembe wa mpini na povu la kunyolea. Alijifungia bafuni, maji yakasikika, akatoka anang'aa na kunukia. Hakuna hata unywele mmoja uliokatwa. Baba yake alimtazama, akasema, "Umependeza, baba," kisha akatoka nje kutupa taka ambazo hazikuwepo.

Shangazi ndiye aliyekuwa na mdomo wa kusema. Alimvuta kaka yake pembeni mara nyingi.

"Kaka, mtoto ana miaka kumi na minane sasa, na mimi namshonea, nampima, nina macho. Mpeleke hospitali. Mficha uchi hazai."

"Sikiliza, mdogo wangu. Mimi hayo mambo ndiyo kazi yangu. Nayaona kila siku iendayo kwa Mungu. Mwisho wake naujua. Dawa hakuna."

"Umemuuliza nani?"

"Nimuulize nani wakati nawashika kwa mikono yangu? Ukimpeleka watamvua nguo, watamwita na mwenzao aje ashangae, kisha watamwandikia vitamini. Atarudi amevunjika moyo. Sasa hivi angalau ana matumaini. Mwache mwanangu."

Shangazi alirudia pindo zake, kwa sababu kaka ni kaka, na kwa sababu kweli huyu ndiye mwenye kazi ya maabara na yeye ni mtu wa sindano na uzi. Angebishana naye kwa kitu gani? Mwaka uliofuata kijana aliinua ndoo ya rangi, ya kawaida tu, mkono ukavunjika juu ya kiganja. Walimfunga plasta kwenye zahanati ya mtaa. Baba alisema ndoo ilikuwa nzito.

Kisha mama mkimya wa chumba cha pili akalazwa kwa upasuaji. Daktari alishuka asubuhi, akamkuta Mzee wa Panya anavaa glovu.

"Kuanzia leo utashika chumba cha pili mpaka apone. Cha kwanza nitampa mwingine. Oga kwanza, badilisha kila kitu."

Aliingia chumba cha pili kama mgeni anayekagua nyumba ya jirani, huku akijiambia maranda ya mwenzake hayajasambazwa vizuri. Akatoa kizimba cha kwanza, akamshika dume mkia, akamgeuza. Dume alikuwa dume kamili, korodani zimejaa. Sawa. Akamrudisha, na hapo akaona sikio. Sikio la kushoto lilikuwa limetobolewa.

Akatoa kizimba kingine. Sikio la kushoto, na dume kamili. Kingine tena. Cha nne kilikuwa na jike, naye tundu ni lilelile la kushoto, na tumbo lake lilikuwa limefura kwa mimba. Aliyajua matundu yale. Mengine aliyatoboa yeye, kwa mkono wake wenye kawaida ya kwenda chini kidogo. Mawazo yake yote yalikuwa kwamba kuna mchanganyo, kwamba amewatoboa wazima badala ya wapungufu, miaka ya utafiti imeharibika, na kazi amepoteza. Akapanda ngazi kumtafuta Daktari akiwa bado na kofia kichwani, jambo ambalo ni marufuku.

"Daktari, nisamehe. Panya wamechanganyika. Kule ng'ambo wamo wa sikio la kushoto waliobalehe. Kuna jike ana mimba."

Daktari aliacha kuandika, akacheka kicheko cha mtu aliyepewa habari njema.

"Kumbe yule ameshika mimba? Hawajachanganyika, mzee wangu. Ndio walewale wako. Nusu yao tunawapandisha juu, nusu tunawapeleka chumba cha pili, tunawachoma sindano."

"Sindano ya nini?"

"Ya homoni. Kumbuka hatukuwaondolea korodani wala mayai. Vyote wanavyo, vimelala tu, vinangoja hodi. Basi sisi tunapiga hodi kutoka nje. Wengi wanaamka."

Alisimama pale ameshika meza. Daktari alidhani amechoshwa na ngazi, akamsogezea kiti. Hakuketi.

"Na mtu je?" aliuliza. "Binadamu akizaliwa hivi?"

"Mtu ndiyo kabisa! Kwa mtu dawa ipo miaka mingi, wala si jambo la ajabu. Hospitali kubwa yoyote. Muhimu ni awahi, maana mwili ukikaa bila hizo homoni mifupa inakuwa dhaifu, na mengine. Kwa nini unauliza?"

"Naulizia tu."

Alishuka, akaketi kwenye benchi la kubadilishia viatu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Ngazi zile za kwenda kwa Daktari zilikuwa fupi. Alizipanda mara ngapi kupeleka ufunguo, kuomba ruhusa ya msiba, kulalamikia maranda mabovu? Kuuliza si ujinga, wanafundishwa watoto wa chekechea. Alilia pale, kwa sauti ndogo, mpaka mwenzake alipoingia, akasingizia vumbi.

Jioni alimwambia mwanawe, "Kesho usiende dukani. Tunakwenda hospitali kubwa. Daktari wa kazini amenishauri, kuna dawa mpya." Hata hapo alisema uongo. Mpya!

Daktari wa hospitali alikuwa mwanamume wa makamo, miwani puani, mchache wa maneno. Alimpima kijana, akamtoa damu, akampiga picha za mifupa, akawaita tena majibu yalipokuwa tayari. Alieleza yaleyale ya mpiga hodi kwa maneno ya kitabibu. Kisha akainua ile picha ya mkono.

"Dawa utaanza wiki hii. Sauti itakuja, ndevu zitakuja, nguvu zitakuja. Kuzaa, Mungu akijalia, tutajaribu baadaye. Lakini mifupa hii ni ya mzee. Tutaisaidia, ila haitakuwa kama ingekuwa umekuja mapema. Miaka hii ilikuwa ya kujengea mifupa." Akamtazama kijana juu ya miwani. "Najua ni aibu. Vijana wengi mnaficha. Aibu imekuponza."

Kijana aliinamisha kichwa. "Samahani, daktari."

Baba yake alikuwa ameshika kofia mapajani, anaizungusha. Angeweza kusema: si yeye, ni mimi. Aliizungusha kofia.

Nje, kwenye ukumbi wa kungojea, kijana alimshika mkono. "Baba, nisamehe. Ningesema mapema, ningekwambia wazi, ungenileta. Nilikuwa nasubiri tu, kama wewe ulivyosubiri."

"Usijali, baba," alisema Mzee wa Panya. "Yamepita."

Siku aliyochomwa sindano ya kwanza, shangazi alikuja mbio na suruali begani, akapiga vigelegele toka mlangoni. Alimkumbatia kijana, akimfikia kifuani, akalia, akacheka. Na kwa furaha ile mdomo ukamtangulia.

"Si nilikwambia, kaka? Si nilikwambia? Miaka yote naimba mpeleke mtoto, wewe unasema mwisho wake unaujua, dawa hakuna! Haya, dawa si hiyo?"

Akasita, maana hakuna aliyecheka naye.

"Alisema lini, shangazi?" kijana aliuliza, kwa ile sauti nyembamba.

"Aa, maneno ya zamani tu, mwanangu. Hebu jaribu suruali."

"Baba. Ulijua?"

Mzee wa Panya alitazama mikono yake. "Nilidhani najua."

"Uliniambia na wewe ulichelewa."

"Nilitaka usife moyo."

"Pale hospitali nilikuomba radhi." Kijana hakupandisha sauti, na sauti yenyewe haikuwa na mahali pa kupanda. "Nilikuomba radhi, baba, nawe ukaniitikia."

Shangazi alianza kukunja suruali, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Tajiri wa duka alikuwa na tawi kwenye mji mwingine, hospitali nayo ipo, na kijana akaomba kuhamishiwa huko. Aliaga vizuri, akashika mkono, akasema "ubaki salama." Alichukua nguo zake, sufuria moja na wembe wake wa mpini. Muda si muda namba yake ya simu ikawa haipatikani. Shangazi alikuwa na namba mpya, lakini alikuwa amekula kiapo.

"Yupo salama," alisema kila alipoulizwa. "Anachomwa sindano zake. Akiwa tayari atakutafuta mwenyewe. Kaka, usinitese, niliahidi."

Miezi ikapita, ikawa mwaka, ukaanza mwingine. Mama mkimya alipona akarudi chumba chake, Mzee wa Panya akarudi cha kwanza. Kazi ilikuwa ileile, konzi ya maranda machafu, chupa, masikio. Siku za toroli hakuongeza tena chakula. Majirani walipomletea mguu uliovimba, alisema, "Sijui. Nenda hospitali." Walicheka wakasema Mzee wa Panya siku hizi ameanza kuringa. Nyumbani alipika chakula cha mmoja, na mara nyingi alikosea akapika cha wawili. Alijua, kwa akili, kwamba mwanawe anabadilika huko aliko. Lakini alipomkumbuka alimsikia vilevile, akiuliza juu ya beseni la vyombo.

Jumapili moja mchana alikuwa anafua nje, simu ikalia. Namba ngeni. Siku hizo matapeli wa simu walikuwa wameushambulia mtaa. Wanakupigia, wanakuamkia, wanasema mimi mwanao nimepoteza simu, nitumie pesa kwa namba hii. Mama wa nyumba ya tatu alikuwa ametapeliwa wiki hiyohiyo, na mtaa mzima ulikuwa ukizungumzia. Alijifuta povu, akapokea.

"Shikamoo, baba."

Sauti nzito, ya mwanamume aliyeshiba. "Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, baba."

"Wewe nani?"

"Mwanao."

Alicheka. Alikuwa amewangoja kwa hamu watu hawa. "Mwanangu namjua sauti. Mwanangu hana sauti hiyo hata siku moja. Katafute mjinga mwingine."

"Baba, nisikilize kwanza..."

"Baba yako ni yule aliyekufundisha wizi! Mwana haramu wee, usinipigie tena!"

Akakata. Moyo ulimdunda kwa raha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi. Alipaza sauti juu ya ua, akimwita jirani yake kinyozi, aliyekuwa ameketi kivulini anasafisha mashine.

"Leo nimemkomesha mmoja!"

"Tapeli? Eh! Alisemaje?"

"Eti shikamoo baba, ni mimi mwanao. Sauti kama ngoma! Nimempa zake."

Kinyozi alicheka mpaka akaweka mashine chini. "Hawa watu! Akataka umtumie kiasi gani?"

Mzee wa Panya alifungua mdomo ajibu. Maji yalikuwa yanachuruzika toka kwenye shati aliloshika, yakimlowesha miguu.

"Hakutaka kitu," alisema.

Kinyozi alikuwa bado anacheka. Akamwona mwenzake anatafuta simu kwenye nguo zilizolowa, ilhali ameishika mkononi.

Aliipiga ile namba. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mara moja tu. Mara ya tatu yule mama wa kwenye mtandao akamwambia kwamba simu anayopiga imezimwa. Alimpigia dada yake, na dada alipoelewa alipiga ukelele mmoja, akaanza kulia.

"Alikuwa anakuja Jumapili ijayo, kaka. Alitaka akwambie mwenyewe. Wiki nzima alikuwa anajipa moyo."

Alirudi akaketi kando ya beseni. Povu lilikuwa limekwisha, maji yamekuwa ya kijivu. Alijaribu kuikumbuka ile sauti, ilivyosema shikamoo, ilivyotamka baba, apate japo kitu cha kubaki nacho. Haikuja. Kilichokuja ni matusi yake mwenyewe, yote, kwa mpangilio wake.